Kwa nini Memphis ipo "Magharibi" kwenye NBA?

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye uteuzi wa wachezaji wapya (draft), na Watanzania wengi tukaanza kufuatilia msimamo wa NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Hapo tukakuta jambo la kutatanisha: Memphis imo Kanda ya Magharibi. Ukitazama ramani ya Marekani, mji huo upo kando ya mto Mississippi, karibu na Atlantiki kuliko Pasifiki. Magharibi gani hiyo?

Tuanze na hesabu. Tumezoea Ligi Kuu Bara: timu 16, kila moja inacheza na mwenzake nyumbani na ugenini, jumla mechi 30, msimamo mmoja tu. NBA ina timu 30 zilizotawanyika kutoka bahari hadi bahari. Zote zikikutana mara nne nne, kila timu itacheza mechi 116, na msimu una mechi 82. Ndiyo maana zimegawanywa kanda mbili za timu 15, na tangu 2004 kila kanda ina divisheni tatu za timu tano tano. Wa divisheni moja hukutana mara nne. Wengine wa kanda hiyo hukutana mara nne au tatu, na wa kanda ya pili mara mbili tu. Safari ndefu zinapungua, na majirani wanaonana mara nyingi kiasi cha kuwa watani wa jadi.

Tatizo ni kwamba timu za Marekani huhama miji. Hadi 2001 Grizzlies walikuwa Vancouver, Kanada, pwani ya Pasifiki. Walipohamia Memphis, kiti chao cha Magharibi wakahama nacho. Oklahoma City inashangaza zaidi: ipo Divisheni ya Kaskazini-Magharibi na Portland, umbali wa zaidi ya kilomita 2,000, ilhali Dallas, mwendo wa kama saa tatu kwa gari, ipo divisheni nyingine. Ilirithi nafasi ya Seattle, mji wa kaskazini-magharibi, timu ya huko ilipohamia Oklahoma City mwaka 2008. Na ukitaka kuipeleka Memphis Mashariki, lazima timu moja ya huko ivuke kuja Magharibi, la sivyo 15 kwa 15 inavunjika. Thabeet mwenyewe alicheza Memphis, Houston, Portland na Oklahoma City, zote za Magharibi.

Mgawanyo huu una uzito kwa sababu bingwa wa kila kanda ndiye anayekwenda fainali. Timu mbili bora zikiwa kanda moja, fainali hazikutani kamwe. Mwaka 2006 ilikuwa mbaya zaidi. Katika kupanga mtoano (playoffs) unaompata bingwa wa kanda, vinara wa divisheni walipewa nafasi tatu za juu bila kujali rekodi zao. San Antonio walikuwa na ushindi 63 na Dallas 60, wote divisheni moja. Denver, kwa ushindi 44 tu, wakapangwa wa tatu kwa kuongoza divisheni yao. Dallas wakasukumwa hadi wa nne, na kwa kuwa wa nne yuko njia moja na wa kwanza, wakawavaa San Antonio raundi ya pili tu. Dallas walishinda 4-3, lakini kwangu mimi ule haukuwa mpangilio wa haki. Kanuni ilirekebishwa msimu uliofuata, na tangu 2015/16 timu hupangwa kwa idadi ya ushindi. Kuongoza divisheni sasa kunasaidia tu pale timu zinapolingana.