Msoshalisti, Fashisti, Mwenye Siasa Kali: Majina Wanayobandikana Wamarekani na Ukweli Uliopo

Zohran Mamdani, aliyezaliwa Kampala mwaka 1991 na kuhamia New York akiwa mtoto wa miaka saba, alipochaguliwa kuwa meya wa jiji hilo mwezi Novemba 2025, wengi wa Afrika Mashariki walimsikia kwa mara ya kwanza kupitia jina alilobandikwa na Rais Donald Trump, nalo ni mkomunisti. Mwenyewe hujiita msoshalisti wa kidemokrasia. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee ya kupotezwa na mabishano haya, kwa kuwa kwetu maneno hayo yamewahi kuwa sera ya serikali, yenye tarehe, sheria na mali iliyotoka kwa mwenyewe ikaingia serikalini. Anayekumbuka Azimio la Arusha la Februari 1967, ambapo mabenki yalitaifishwa siku moja tu baada ya Azimio kutangazwa, au mwaka 1971, ambapo majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalichukuliwa na kukabidhiwa Msajili wa Majumba, akisikia kwamba New York imepata meya msoshalisti hudhani kwamba wenye nyumba wa Manhattan wameanza kufungasha virago.

Alichoahidi Mamdani ni kusimamisha ongezeko la kodi ya pango katika nyumba takriban milioni moja ambazo kodi yake tayari hupangwa na bodi ya jiji yenye wajumbe tisa, wote wateule wa meya. Bodi hiyo iliwahi kuamua mwaka 2015, wakati wa Meya Bill de Blasio, kwamba mikataba ya mwaka mmoja isiongezwe hata senti, na nyumba zikabaki za wenyewe. Mabasi ya bure aliyoyaahidi hayamo katika uwezo wake peke yake, maana yanaendeshwa na mamlaka iliyo chini ya jimbo. Ahadi moja tu, ya maduka matano ya vyakula yatakayokuwa mali ya jiji, ndiyo inayofanana kidogo na maduka ya serikali ya RTC tuliyoyajua Tanzania, na hayo ni maduka matano katika jiji lenye watu zaidi ya milioni nane. Mwezi huohuo wa Novemba Trump alimkaribisha Ikulu ya Washington wakaongea kwa bashasha, jambo linaloonyesha ni uzito gani wasemaji wenyewe huyapa majina hayo kampeni zikishapita.

“Chama cha Democratic ni cha kisoshalisti”

Marekani imewahi kuwa na wasoshalisti halisi, na wanajulikana kwa majina. Eugene Debs aligombea urais kwa tiketi ya Chama cha Kisoshalisti mwaka 1912 akapata karibu asilimia 6 ya kura. Mwaka 1920 aligombea tena akiwa kifungoni Atlanta, akapata kura zaidi ya 900,000. Jiji la Milwaukee liliongozwa na mameya watatu wa chama hicho kwa vipindi mbalimbali kati ya 1910 na 1960, nao walisifika zaidi kwa mifereji ya majitaka na hesabu safi kuliko kwa mapinduzi. Chama hicho kilishindana na Wademokrati pamoja na Warepublican. Hakikuwa tawi la yeyote kati yao.

Jina hilo lilianza kutumiwa kama fimbo baada ya sera za Rais Franklin Roosevelt, ikiwemo sheria ya pensheni ya uzeeni ya mwaka 1935. Rais Harry Truman, akihutubia Syracuse mwezi Oktoba 1952, alilalamika kwamba neno usoshalisti limekuwa kitisho kinachorushwa kila mara wananchi wanapopiga hatua, akataja umeme wa umma, pensheni, bei za uhakika kwa wakulima, bima ya amana za benki na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961 Ronald Reagan, wakati huo mwigizaji wa filamu, alirekodi santuri kwa ajili ya chama cha madaktari akionya kwamba bima ya afya ya wazee ingeuleta usoshalisti mlangoni. Bima hiyo, Medicare, ikatiwa saini mwaka 1965. Reagan alipokuwa rais kwa miaka minane hakuifuta, na mwaka 1983 alitia saini marekebisho yaliyouokoa mfuko wa pensheni usifilisike.

Kipimo kinachofaa ni kuuliza nani anamiliki. Medicare hulipa madaktari na hospitali ambazo kwa sehemu kubwa si za serikali. Serikali pale ni mlipaji tu. Hospitali za wastaafu wa jeshi, kwa upande mwingine, ni za serikali kuu, na wauguzi na madaktari wake ni watumishi wa umma, yaani huo ndio mfumo wa tiba ulio karibu zaidi na usoshalisti nchini humo, lakini ukiutaja kwa jina hilo mbele ya mwanajeshi mstaafu wa Texas huenda akakushangaa. Jimbo la North Dakota, ambalo huwapigia Warepublican kura kwa wingi, lina benki yake ya serikali tangu mwaka 1919. Nebraska, jimbo jingine la kihafidhina, hupata umeme wake kutoka mashirika ya umma na ya ushirika. Alaska, chini ya gavana Mrepublican Jay Hammond, ilianza mwaka 1982 kumgawia kila mkazi fedha za mfuko wa mafuta kila mwaka. Nimeyaorodhesha haya kwa furaha kidogo, nakiri, kwa sababu mara nyingi anayebisha kuhusu usoshalisti wa Marekani hajawahi kuyasikia.

Hiyo haina maana kwamba jina hilo ni uzushi mtupu kwa kila anayepewa. Bernie Sanders, seneta wa Vermont asiye na chama anayeketi na Wademokrati, amejiita msoshalisti wa kidemokrasia kwa miongo kadhaa, na jumuiya ya Wasoshalisti wa Kidemokrasia wa Marekani (DSA), ambayo Mamdani ni mwanachama wake ingawa aligombea kwa tiketi ya Democratic, inasema wazi katika nyaraka zake kwamba inataka uchumi umilikiwe na jamii. Sanders hutoa mfano wa Denmark. Lakini mwaka 2015 waziri mkuu wa Denmark, Lars Løkke Rasmussen, alieleza akiwa Harvard kwamba nchi yake ni ya uchumi wa soko yenye huduma pana za jamii, wala si uchumi unaopangwa na serikali. Kwa hiyo katika mabishano hayo hata wanaolikubali jina wanaweza kuwa wamelitumia kwa ulegevu.

“Warepublican huliacha soko lijiendeshe, Wademokrati ndio huliingilia”

Agosti 1971 Richard Nixon, Mrepublican, alisimamisha kwa siku 90 kupanda kwa bei na mishahara nchi nzima, hatua ambayo hakuna rais Mdemokrati aliyeithubutu tangu wakati huo. Oktoba 2008 George W. Bush alitia saini mpango wa dola bilioni 700 wa kuyanusuru mabenki. Chama kilichoyaondolea mashirika ya ndege udhibiti wa nauli na safari, mwaka 1978, kilikuwa cha Jimmy Carter, Mdemokrati. Na Bill Clinton ndiye aliyesaini mwaka 1996 sheria iliyopunguza misaada kwa familia maskini, kisha mwaka 1999 sheria iliyoondoa ukuta uliotenganisha benki za biashara na benki za uwekezaji.

Ushuru wa forodha unasimulia kisa kirefu zaidi. Kwa muda mrefu tangu enzi za Abraham Lincoln, Warepublican walikuwa chama cha kulinda viwanda kwa ushuru mkubwa, na Wademokrati wa kusini, wauzaji wa pamba, walitaka biashara huria. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nafasi zikabadilika polepole. Mkataba wa biashara huria na Mexico na Kanada ulipopita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1993, chini ya rais Mdemokrati, kura za Warepublican zilizouunga mkono zilikuwa 132 na za Wademokrati 102. Leo Trump ndiye bingwa wa ushuru, na Joe Biden, badala ya kuufuta ule wa awali dhidi ya China, aliuendeleza na mwaka 2024 akapandisha ule wa magari ya umeme hadi asilimia 100. Agosti 2025 serikali ya Trump ilichukua karibu asilimia 10 ya hisa za kampuni ya Intel, na mmoja wa waliokubaliana na wazo hilo alikuwa Sanders. Kama imani za kiuchumi zingekuwa ndizo zinazowagawa Wamarekani, siku hiyo ingewatatiza zaidi ya ilivyowatatiza.

“Kodi ya asilimia 70 huchukua asilimia 70 ya mapato”

Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge Mdemokrati wa New York, alipopendekeza mwaka 2019 kiwango cha juu cha kodi ya mapato cha asilimia 70, wengi walikieleza kama unyang'anyi wa siasa kali. Kiwango hicho kingegusa tu dola zinazozidi milioni kumi kwa mwaka; mwenye kupata dola 10,000,100 angetozwa asilimia 70 kwa zile mia za mwisho. Mfanyakazi yeyote wa Kenya au Tanzania anayekatwa PAYE anaufahamu mpangilio huu wa ngazi kwa ngazi. Wala si jambo geni Marekani: wakati wa Dwight Eisenhower, Mrepublican, kiwango cha juu kilikuwa asilimia 91 kwa miaka mingi, ingawa misamaha ilikuwa mingi na waliolipa hivyo walikuwa wachache mno. Walioanza kukishusha hadi 70 ni Wademokrati, kwa sheria ya mwaka 1964. Reagan akakifikisha 28, na tangu 2018 ni 37.

“Wanazi walikuwa wa mrengo wa kushoto, jina lao linasema”

Hoja hii, inayoegemea jina rasmi la chama chao, Chama cha Kitaifa cha Kisoshalisti cha Wafanyakazi wa Ujerumani, hupendwa na baadhi ya wahafidhina wanaochoka kuitwa mafashisti. Wanazi walivamia ofisi za vyama vya wafanyakazi tarehe 2 Mei 1933, wakavipiga marufuku vyama vya wakomunisti na wasoshalisti, na miongoni mwa wafungwa wa mwanzo wa kambi ya Dachau walikuwa wanachama wa vyama hivyo. Kinyume chake nacho ni kosa lilelile: kutaka kodi ndogo au mipaka yenye ulinzi hakumfanyi mtu kuwa fashisti, na mwenye kulitumia neno hilo kila wiki hulikosa siku atakapolihitaji.

“Siasa kali ni kosa la jinai, na ni za upande mmoja”

Kuamini jambo kali si kosa Marekani. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1969, katika kesi ya kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, wa Ohio aitwaye Brandenburg, kwamba hata anayehubiri matumizi ya nguvu analindwa na katiba, isipokuwa maneno yake yamekusudiwa kuchochea uhalifu wa papo hapo na yanaelekea kweli kuuzaa. Sheria ya mwaka 2001 inaeleza ugaidi wa ndani ni nini, lakini haikuufanya kuwa shtaka linalojitegemea. Kwa hiyo mwanasiasa anaposema wapinzani wake ni magaidi wa ndani, mara nyingi anatamka neno lisilo na mashtaka nyuma yake.

Kuhusu pande, rekodi haimwachi mtu akiwa msafi. Timothy McVeigh, aliyeichukia serikali kuu, aliua watu 168 Oklahoma City mwaka 1995. Weather Underground, kikundi cha mrengo wa kushoto, kililipua bomu ndani ya jengo la Bunge mwaka 1971. Mwaka 2017 mtu wa mrengo wa kushoto aliwafyatulia risasi wabunge wa Republican wakiwa mazoezini, na tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wa Trump walilivamia Bunge. Mkuki kwa nguruwe. Ikumbukwe tu kwamba waliouawa katika mashambulizi ya wabaguzi wa rangi na dini Pittsburgh, El Paso na Buffalo kati ya 2018 na 2022 walikuwa 44, na kusema pande zote zimewahi kuua si sawa na kusema zimeua kwa kiasi kimoja.

“Mpiga kura huamini kile ambacho chama chake kinaamini”

Watafiti Douglas Ahler na Gaurav Sood walichapisha mwaka 2018 utafiti ambamo Wamarekani walikadiria kwamba takriban asilimia 38 ya Warepublican hupata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka. Ukweli ulikuwa karibu asilimia 2. Wanaobishana, basi, hubishana na picha. Novemba 2020 wapiga kura wa Florida walimpa Trump jimbo lao na siku hiyohiyo, kwa karibu asilimia 61, wakapitisha kima cha chini cha mshahara kifike dola 15 kwa saa. Wale wa California walimpa Biden karibu asilimia 63 ya kura, kisha katika karatasi hiyohiyo wakakataa, kwa takriban asilimia 60, kuyaruhusu majiji yao kupanua udhibiti wa kodi ya pango.