Kitalu cha nyanya kabla ya masika

Bustani ya masika huandaliwa jua likiwa bado kali. Katika maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, kama Pwani, Tanga na Kilimanjaro, masika kwa kawaida huanza Machi, na miche ya nyanya hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4. Anayengoja mvua ndipo asie mbegu huhamisha miche michanga katikati ya mvua kubwa za Aprili, na mingi huozea shambani. Kitalu kianze Januari.

Chagua mahali kwanza. Pasiwe palipokuwa na nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo msimu uliopita, kwa sababu mimea hii ni ya ukoo mmoja na bakteria wa mnyauko hubaki udongoni kwa miaka. Mmea ukinyauka ghafla ungali kijani, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Ng'oa mmea, uchome, na hapo panda mahindi.

Tuta la kitalu liwe na upana wa mita 1, ufikie katikati bila kulikanyaga, na liinuke sentimita 15 hadi 20 ili maji yasituame. Changanya debe 1 la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Iliyooza haina joto na hufikichika mkononi kama udongo. Mbichi huunguza mizizi na huleta magugu.

Lowesha tuta, lifunike kwa nailoni angavu, fukia kingo zake, uliache wiki 4. Joto linalonaswa ndani huua vimelea vingi na mbegu za magugu. Jua la Januari ni nguvu ya bure; tunasikitika kuona likipita bila kutumika.

Katikati ya Februari, sia kwenye vifereji vya kina cha sentimita 1, vilivyoachana sentimita 15. Tandaza nyasi kavu juu, uziondoe mara mbegu zinapochomoza. Ukichelewa, miche hurefuka na kupauka. Ikisongamana na maji yakizidi, huingia kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo, mche huanguka. Punguza miche ibaki sentimita 4 kati ya mmoja na mwingine, na umwagilie asubuhi, udongo ukauke juu kabla ya usiku.

Wiki ya mwisho punguza maji na, kama uliweka kivuli juu ya kitalu, kiondoe kidogo kidogo. Mche ukiwa na majani 4 hadi 6, lowesha kitalu, kisha uhamishe jioni, kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50. Chomeka miti ya kuegemeza siku hiyohiyo, kwani ikichomekwa baadaye hukata mizizi.