Nani Alikuwa na Nafasi ya Kuulizwa?

Wanafunzi wanaoniletea mapendekezo yao ya utafiti hapa Tanga huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: nihoji watu wangapi? Mara nyingi jibu wanalo tayari. Wamechukua kanuni ya Yamane, ile inayogawanya idadi ya watu wote kwa moja kujumlisha na idadi hiyohiyo iliyozidishwa kwa mraba wa kosa linalovumilika. Wakiweka kosa la asilimia 10 kanuni inawarudishia watu 100 hivi, na wakiweka asilimia 5 inawarudishia karibu 400, iwe wanachunguza Jiji la Tanga peke yake au mkoa mzima kuanzia Mkinga hadi Handeni. Asiyeamini na apekue tasnifu zilizo kwenye rafu za maktaba ya chuo chochote, ahesabu ni ngapi zina wahojiwa 100 kamili au pungufu kidogo.

Sina ugomvi na kanuni yenyewe, kwa kuwa hesabu yake ni sahihi. Ninachogombea ni masharti yake, ambayo wanaoinakili hawayataji. Kanuni hiyo inadhani kwamba unatafuta uwiano, kwa mfano asilimia ya kaya zinazonunua maji kwa ndoo. Kwamba jibu limegawanyika nusu kwa nusu, hali ambayo ni ngumu kuliko zote kukadiria. Kwamba unataka uhakika wa takribani asilimia 95. Na kwamba sampuli imechotwa kwa njia ya nasibu sahili, yaani kila kundi la watu 400 linaloweza kuundwa katika jamii hiyo lilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Sharti hili la mwisho huvunjika dakika ile mtafiti anaposimama kwenye lango la soko la Mgandini na kuanza kuwauliza wapita njia. Kuanzia hapo hata akihoji watu 4,000, kanuni haimdai wala haimlindi.

Kwa hiyo swali ninalomrudishia mwanafunzi ni jingine: katika hao unaotaka kuwasemea, nani alikuwa na nafasi ya kuulizwa, na nafasi hiyo ilikuwa kiasi gani? Sampuli ya nasibu ni ile ambayo kila mmoja katika jamii inayochunguzwa ana nafasi iliyo kubwa kuliko sifuri, na mtafiti anaweza kuitaja kwa tarakimu. Si lazima nafasi hizo zilingane. Jambo hili wengi hulikosa kwa sababu vitabu vya mwanzo huanza na bahati nasibu ya vikaratasi ndani ya kofia, ambamo kila karatasi ni sawa na mwenzake, na msomaji hubaki akidhani kwamba usawa ndio unaoifanya sampuli iwe halali. Mwenye nafasi ndogo akichaguliwa, jibu lake hupewa uzito mkubwa zaidi wakati wa uchambuzi, na hesabu hukaa sawa. Ambaye nafasi yake haijulikani hawezi kupewa uzito wowote.

Ili nafasi ijulikane, lazima kuwe na orodha ya kuchotea sampuli, na hapo ndipo kazi ngumu huanzia. Daftari la wakazi katika ofisi ya mtaa lina waliohamia na kujiandikisha, na lina pia waliohama zamani bila kufutwa. Daftari la wapiga kura haliwahusu walio chini ya umri wa miaka 18. Orodha ya wateja wa umeme inakupa mita, na mita moja inaweza kuwa ya wapangaji wote wa nyumba nzima. Tafiti kubwa za kitaifa hukwepa matatizo haya kwa kuchagua kwa hatua mbili, zikianzia kwenye maeneo ya kuhesabia watu ambayo Ofisi ya Taifa ya Takwimu huyatenga kwa ajili ya sensa. Utafiti wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022, kwa mfano, ulichagua kwanza maeneo 629 nchini kote, kaya za kila eneo zikaorodheshwa upya, kisha zikachaguliwa kaya 26 katika kila eneo, jumla 16,354. Mwanafunzi hana fedha za kazi ya namna hiyo, lakini anaweza kuiga umbo lake: achague mitaa michache kwa nasibu, aorodheshe kaya zake mwenyewe kwa siku moja au mbili akiwa na mjumbe, ndipo achote.

Nasema aorodheshe kaya, wala si nyumba, na hapa naomba kukawia kidogo. Sehemu kubwa ya Ngamiani, Makorora na Msambweni imejengwa nyumba za Kiswahili zenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, na katika nyumba moja unaweza kukuta mwenye nyumba na wapangaji kadhaa, kila mmoja na chungu chake. Kitakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, kwa hiyo nyumba hiyo ina kaya kadhaa. Tuseme mtaa una nyumba 100, ambapo 60 zina kaya moja moja na 40 zina kaya tano tano. Kaya zote ni 260, na 200 kati yake, sawa na asilimia 77, zimo katika nyumba za pamoja. Mtafiti akichagua nyumba kwa nasibu na kuhoji kaya moja katika kila nyumba, asilimia 40 tu ya sampuli yake itatoka katika nyumba hizo. Wapangaji wa chumba kimoja watakuwa wamepunguzwa karibu nusu, na ripoti itaonyesha mtaa wenye nafasi na vyoo vya binafsi kuliko ulivyo. Dawa yake ni nyepesi iwapo mdadisi ameandika idadi ya kaya alizozikuta: kila jibu kutoka nyumba ya kaya tano lizidishwe kwa tano. Asipoiandika siku hiyohiyo, hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha.

Ndani ya kaya kuna uchaguzi mwingine, wa mtu. Anayefungua mlango saa nne asubuhi hawakilishi watu wazima wote wa kaya hiyo. Mtakwimu Leslie Kish alichapisha mwaka 1949 jedwali la kumchagua mtu mmoja kwa nasibu miongoni mwa watu wazima wa kaya, nalo linatumika hadi leo.

Njia inayopendwa kuliko zote kwa urahisi wake ni ya uteuzi wa mfuatano: unaanzia mahali palipochaguliwa kwa nasibu, kisha unachukua kila nyumba ya kumi, au kila chombo cha tano kinachotia nanga. Ni njia nzuri mradi orodha haina mzunguko wake wa ndani unaolingana na hatua zako, na Tanga ina mizunguko ya aina hiyo kila upande. Ngamiani imepimwa kwa barabara zilizonyooka zenye kuitwa kwa namba. Pale ambapo idadi ya nyumba kutoka kona hadi kona inalingana na hatua ya mtafiti, atakayeanzia kwenye nyumba ya kona ataendelea kuangukia kona, na kona ndiko zilikojaa fremu za maduka.

Mfano mkubwa zaidi ni bahari. Mtu anayetaka kukadiria samaki wanaoshushwa Deep Sea, Sahare au Tongoni, akapanga kwenda kila baada ya siku saba akianzia Ijumaa, atapima siku ambayo katika vijiji vingi vya pwani wavuvi hupumzika. Akijiona mwerevu na kupanga kwenda kila baada ya siku 15, atakuwa amejifunga kwenye mwezi, kwa sababu bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, hurudi kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi. Ziara zake za nusu mwaka mzima zinaweza kuangukia kwenye maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, au pembeni yake. Pweza huokotwa kwa wingi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi. Katika jedwali la mtafiti huyu pweza watakuwa karibu hawapo, ilhali wachokoaji wamejaa mwambani kila bamvua. Dagaa nao huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka uvuvi huo husimama. Mvuvi yeyote angemwambia hayo bila malipo. Ninachopendekeza ni kuugawa mwezi katika matabaka, bamvua na maji mafu, giza na mbalamwezi, kisha kuchota siku kwa nasibu ndani ya kila tabaka, na kufanya hivyo katika kusi na katika kaskazi. Hiyo ndiyo maana ya kutumia matabaka: unachokijua tayari kuhusu jamii unakiingiza katika mpango, ili bahati isibaki na kazi ya kukikisia. Mtakwimu Jerzy Neyman aliliweka jambo hili katika hesabu kamili mwaka 1934, na alionyesha pia jinsi ya kuligawia kila tabaka idadi ya sampuli kulingana na ukubwa wake na tofauti zilizomo ndani yake.

Sasa turudi kwenye watu 400, kwa maana uchaguzi wa hatua mbili una gharama ambayo kanuni ya Yamane haiioni. Wakazi wa mtaa mmoja hufanana: bomba lao ni moja, barabara yao ni moja, mara nyingi hata shule ni moja. Kufanana huko hupimwa kwa kipimo kati ya sifuri na moja, na hasara yake ni moja kujumlisha na kipimo hicho kilichozidishwa kwa idadi ya waliohojiwa katika kila mtaa kasoro mmoja. Ukihoji watu 20 katika mitaa 20, na kipimo cha kufanana kikawa 0.05, hasara ni 1.95, na ukigawa 400 kwa hasara hiyo, watu wako wana nguvu ya watu 205 waliochotwa kwa nasibu sahili. Kwa swali la upatikanaji wa maji kipimo kinaweza kuwa kikubwa zaidi, kikifika 0.3, hasara ni 6.7, na watu 400 wanabaki na nguvu ya watu 60, kosa likiwa karibu asilimia 13 badala ya 5 zilizoandikwa katika pendekezo. Watu haohao 400 wakisambazwa kumi kumi katika mitaa 40, nguvu yao hupanda hadi 108. Nauli itaongezeka, najua, lakini kati ya kuongeza mitaa na kuongeza watu ndani ya mtaa, kwa swali kama hilo naongeza mitaa bila kusita.

Kuhusu dodoso nitasema machache, kwa kuwa makosa yake yanaonekana kwa macho. Swali kama “Je, unaridhika na huduma za maji na umeme?” ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na jibu la “hapana” halielezi lolote. Swali “Je, familia yako hutumia chandarua?” linamwalika mtu mwenye adabu kumridhisha mgeni, hasa mgeni huyo akiwa ameletwa na mtendaji ambaye bado amesimama mlangoni, ni afadhali kuuliza ni nani walilala ndani ya chandarua usiku wa kuamkia leo, mtu kwa mtu, mtendaji akiwa ameshaagwa kwa heshima. Sensa ya mwaka 2022 nayo ilihesabu watu kwa kufuata mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, kwa sababu usiku mmoja unaotajika hukumbukwa vizuri kuliko mazoea. Mvuvi usimuulize mshahara wa mwezi. Muulize mgawo wa safari yake ya mwisho, kisha safari ngapi katika siku saba zilizopita.

Baada ya hayo yote, nafasi zilizopangwa kwa uangalifu hupotea mitaani. Mdadisi anafika katika kaya iliyochaguliwa, anakuta kufuli, anaingia kwa jirani ambaye yuko barazani na ana muda. Jirani huyo hakuchaguliwa, na aliyefunga mlango hakufunga kwa bahati tu: huenda ni mchuuzi, au analala mchana baada ya zamu ya usiku. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, majina mengi yakitoka katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, na zikarudi kama milioni 2.4. Lilitangaza kwamba katika uchaguzi wa rais Landon angemshinda Roosevelt kwa kupata asilimia 57 ya kura. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura. Wengi huilaumu orodha peke yake, lakini uchambuzi uliofanywa baadaye unaonyesha kwamba robo tatu walionyamaza walichangia sana kosa hilo, kwa kuwa waliompinga Roosevelt walikuwa na ari kubwa zaidi ya kurudisha karatasi.

Kwa hiyo wadadisi wangu hawaruhusiwi kubadilisha kaya. Hurudi hadi mara tatu, kwa nyakati tofauti, mojawapo ikiwa jioni baada ya magharibi au mwisho wa wiki, na kila ziara huandikwa pamoja na saa yake. Nikijua kwamba kaya moja kati ya tano haitapatikana, nachota 500 tangu mwanzo ili nipate 400, badala ya kuchota 400 na kuziba mapengo kwa majirani. Katika ripoti, kabla ya jedwali la kwanza la matokeo, naandika kaya zilizochaguliwa, zilizokutwa, zilizokataa, zilizofungwa katika ziara zote, na nyumba zilizokuwa tupu, kila mtaa katika mstari wake.