Matundu au kupasuliwa wazi? Muulize daktari na habari za homoni

Mtu akishaambiwa tezi ya adrenali, ile inayokaa juu ya figo, lazima itolewe, swali la kwanza ni "dokta, si utanifanyia ya matundu?" Nawaelewa kabisa, maana hiyo tunapitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo badala ya kupasua tumbo wazi. Daktari wa upasuaji Michel Gagner na wenzake waliripoti operesheni za kwanza za aina hii mwaka 1992 na leo ndo njia ya kawaida kwa uvimbe mdogo usio kansa.

Ukifanyiwa ya matundu kesho yake unatembea wodini, siku moja mpaka tatu umeruhusiwa, wiki mbili tatu wengi washarudi kazini kama si kazi ya kubeba mizigo. Wanachoshangaa ni bega kuuma, wanadhani tuliwalaza vibaya, kumbe ni ile gesi tunayojazia tumbo, inaisha yenyewe siku chache. Kupasuliwa wazi ni habari nyingine, misuli imekatwa, kila ukikohoa unaisikia, na ukiogopa kuvuta pumzi ndefu nimonia inakunyemelea, ndo maana manesi wanakusumbua uamke utembee. Hapo wodini ni karibu wiki, kazini wiki sita au zaidi, na baadaye ngiri inaweza kutokea kwenye kovu. Ila nikishuku kansa ya tezi yenyewe napasua wazi, maana uvimbe ukipasukia ndani seli zake zinamwagika tumboni.

Sasa homoni, ambazo karibu hakuna anayeuliza. Kabla hujasaini fomu uliza tezi yako inamwaga homoni gani, maana mwenye Cushing, yaani tezi inamwaga homoni ya kotisoli kupita kiasi, hata atobolewe vitundu vidogo vipi, tezi ya upande wa pili imeshalala muda mrefu, itabidi ameze haidrokotisoni, vidonge vya kuziba pengo la homoni hiyo, miezi kadhaa, wengine zaidi ya mwaka, mshono umepona kitambo na bado mwili umechoka na viungo vinauma. Vidonge hivyo usiviache ghafla jamani! Ukianza kutapika na presha inashuka, kimbia hospitali. Mwenye feokromositoma, uvimbe wa tezi hii unaomwaga homoni kama adrenalini, tunamchunga kwa karibu sana siku ya kwanza kwa sababu presha na sukari vinaweza kuporomoka. Mwenye Conn, yaani tezi inamwaga aldosteroni nyingi, homoni inayopandisha presha na kushusha potasiamu, ndo ana nafuu: potasiamu inakaa sawa mapema, presha inashuka taratibu, japo wengi wanabaki na vidonge vya presha, vichache kuliko zamani.