Chapa ya Gari Lako Ikiuzwa, Spea Zitatoka Wapi?

Kila zikisikika habari za kampuni ya magari iliyoyumba kutaka kuuza chapa zake ndogo, sisi tunaofundisha ufundi wa magari hapa Mwanza huulizwa jambo moja, hasa na wenye magari yasiyo Toyota: spea zitaendelea kuja?

Inategemea nani amenunua, na amenunua nini.

Kampuni ikibanwa na hasara, hugeukia kwanza chapa zinazouza magari machache huku zikila fedha nyingi za wahandisi na matangazo. Ford ilinunua Volvo mwaka 1999 kwa takriban dola bilioni 6.5. Mwaka 2006 ikapata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12, ikaanza kuuza: Aston Martin mwaka 2007, Jaguar na Land Rover kwa Tata ya India mwaka 2008, kisha Volvo kwa Geely ya China mwaka 2010, tena kwa chini ya dola bilioni 2. Mwenye shida hapangi bei.

Wenye Land Rover hawakuachwa njiani, kwa kuwa Ford ilikubali kuendelea kumpa Tata injini. Undugu wa zamani wa Land Rover na Volvo chini ya Ford nao unasaidia. Freelander 2, modeli ya Land Rover, ya petroli yenye silinda sita ina injini ya Volvo, na fundi anayelijua hilo ana milango miwili ya kubisha akitafuta spea.

General Motors ilipofilisika mwaka 2009 mambo yalikwenda vingine. Ilikuwa na chapa za Hummer na Saab. Mnunuzi wa Hummer kutoka China alikwama, chapa ikafungwa. Saab ilichukuliwa na Spyker, kampuni ndogo ya Uholanzi, na kufikia Desemba 2011 ikafilisika. Hata hivyo kampuni ya spea za Saab ilibaki hai chini ya serikali ya Sweden.

Kwa hiyo usikimbilie kuuza gari kwa hofu. Filta, bushi na brekipedi hutengenezwa na viwanda vingine pia, vitapatikana. Vinavyoadimika mapema ni vile vya modeli hiyo peke yake: taa za mbele, bampa, vioo, kontroli boksi (kompyuta ya gari), na programu ya kusajili funguo mpya. Gari linaweza kuwa na injini nzima likalala gereji Nyakato miezi kwa kukosa kifaa cha ukubwa wa kiganja.

Anayetaka kununua ndiye awe mkali zaidi. Magari haya huja na bei inayovutia mno, na mara nyingi madalali hawakuambii kwa nini. Kabla ya kulipa, chukua namba ya chesisi, mpe muuza spea akutafutie bei ya taa ya mbele na ya kontroli boksi, na siku ambazo mzigo utachukua kufika Mwanza. Akianza kukuzungusha, gari hilo mwachie mwenyewe.