Klachi ngumu ya Kirikuu: yanayosemwa gereji na yaliyomo kwenye waya

Agosti ni msimu wa zabibu huku kwetu Dodoma, na njia za mashambani kule Mpunguzi zinakuwa vumbi tupu. Ndipo Kirikuu yangu, Suzuki Carry ya siku nyingi, ilipoanza kunigomea mguu wa kushoto. Nikifika mjini na makreti nyuma, foleni kidogo tu, goti linawaka moto. Nikaipeleka gereji moja. Kijana akakanyaga pedeli mara mbili, akashuka, akajifuta mikono: "Mzee, pleti imekwisha hiyo. Tunashusha gia boksi." Alikuwa hata hajalala chini ya gari.

"Klachi ngumu, pleti imekwisha"

Hii ndiyo dhana inayokula hela za watu kuliko zote. Pleti ni kile kisahani kinachounganisha injini na gia boksi; iliyokwisha haikazi pedeli, inateleza. Utaiona kwenye mlima: unaongeza mafuta, injini inapiga kelele, gari haliongezi mwendo, halafu inakuja harufu ya kuungua. Ugumu mguuni ni kesi nyingine. Nguvu ya mguu inapita kwenye bushi za pedeli, inaingia kwenye waya, inavuta ule mkono wa gia boksi, mkono unasukuma beringi ya klachi, ndipo beringi ibonyeze springi ya presha pleti, kile chuma kinachoibana pleti. Kimoja kikikwama humo njiani, goti ndilo linalolipa.

Nisidanganye, kuna chembe ya ukweli. Pleti inapolika, vidole vya springi ya presha pleti vinasogea upande wa beringi na pedeli inaongezeka uzito. Lakini hilo linakuja polepole, kwa miaka. Kama wiki iliyopita ulikuwa unakanyaga vizuri na leo unasukuma kwa kisigino, anza na waya.

Nilihamia kwa fundi mwingine, mzee wa Kigogo anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Nikamsalimia "mbukwa", akaitikia, akaomba spana na kipande cha boksi la kulalia. Alichofanya unaweza kukifanya mwenyewe, injini ikiwa imezimwa na imepoa, matairi yamezuiwa kwa mawe. Alilegeza nati ya waya upande wa gia boksi, akauchomoa kwenye mkono, akaniambia nibonyeze pedeli kwa kiganja. Bado nzito! Hapo gia boksi ilikuwa imeshatoka kwenye kesi, maana haikuwa imeunganishwa na chochote. Akachomoa waya na upande wa pedeli pia. Pedeli ikabembea yenyewe bila shida. Akabaki ameshika waya mkononi, anaujaribu kuuvuta ndani ya gamba lake: unakwenda sentimita mbili, unakwama, unaruka.

Ulipotoka wote, karibu na ncha nyuzi zilikuwa zimekatika na kutawanyika kama ufagio wa chelewa, zimeganda kwenye tope jeusi.

Ingekuwa pedeli imelainika baada ya kuchomoa waya kwenye gia boksi, kesi ingehamia upande wa pili. Pale unaujaribu ule mkono kwa vidole. Unatakiwa uwe na mchezo kidogo, yaani usogee bure kabla ya kushika, usiparuze, kisha ugote kwenye presha pleti. Kwenye magari yanayovuka makorongo wakati wa mvua, shafti ya mkono huo inaingia maji na vumbi, inashika kutu kwenye bushi zake.

"Mimina oili, utalainika"

Lile tope jeusi nililitengeneza mimi. Nilikuwa nimemimina oili chakavu ya injini kwenye waya, nikapata siku mbili za raha. Nyaya nyingi za klachi zina bomba la plastiki ndani, zimeundwa kwenda bila oili ya kuongezwa. Oili inakaribisha vumbi, na vumbi la Dodoma likichanganyika na oili ni msasa. Uzi uliokatika nao hauungwi na oili.

"Kaza nati"

Nati ile inapanga mchezo wa pedeli, yaani umbali ambao pedeli inashuka kabla haijaanza kuvuta. Haipunguzi uzito. Kwa klachi za waya mchezo huo mara nyingi ni kati ya milimita 10 na 30, ila fuata kitabu cha gari lako. Ukiumaliza wote, beringi inazunguka muda wote na klachi inaanza kuteleza. Basi hapo umejinunulia ile kazi ya kushusha gia boksi ambayo hukuihitaji.

"Waya mpya, kazi imekwisha"

Inategemea umepitishwa wapi. Kwenye Kirikuu unatoka miguuni mwa dereva, unapita chini ya sakafu kurudi nyuma. Ukipindwa kona kali, au ukilazwa karibu na bomba la ekzosi, utakuwa mgumu tena mapema. Kabla hujautoa wa zamani, piga picha kwa simu: kona zake, vishikizo vyake. Mzee yule hana haja ya picha, lakini mimi na wewe tunayo.

"Toa upepo, itakuwa nyepesi"

Hii ni kwa magari yenye klachi ya mafuta, yaani isiyo na waya, inayosukumwa kwa mafuta ya breki. Upepo ndani ya mfumo unafanya pedeli iwe laini na legelege, si ngumu. Ikiwa ngumu au inachelewa kurudi juu, angalia hosi iliyoziba kwa ndani, pistoni yenye kutu, au raba zilizovimba kwa sababu mtu alijazia oili ya injini badala ya mafuta ya breki.

"Gari la zamani ndivyo lilivyo"

Waya ukiwa mzima, mkono unacheza vizuri na pedeli bado ni jiwe, sasa shusha gia boksi. Huenda beringi inakwama kwenye bomba lake, au mwenye gari wa kwanza alifunga presha pleti ya gari jingine yenye springi kali zaidi. Ukishafika huko badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja, na utazame kama sili ya nyuma ya injini inavuja, kwa sababu ufundi wa kushusha unalipia mara moja tu.