Gurudumu la Nyuma, kutoka Mwanza hadi Bukoba

Safari ya baiskeli kutoka Mwanza hadi Bukoba kwa kupitia Geita na Biharamulo ina zaidi ya kilomita 400, nami huwapangia wasafiri wangu siku sita. Wengi wanaokuja kwenye karakana yangu kujiandaa huanza kuuliza habari za miguu: wafanye mazoezi kiasi gani, wale nini, wapumzike wapi. Mimi huanza kwa kuliinua gurudumu la nyuma na kulizungusha, kwa sababu nimeona miguu mingi ikichoka na kupona kwa usingizi wa usiku mmoja, lakini sijaona rimu iliyopinda porini ikalala na kuamka imenyooka.

Siku mbili za kwanza hazina mengi. Tangu mwaka 2025 tunavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, na kungoja kivuko kumekwisha, ingawa nakiri kwamba ule muda wa kukaa na samaki wa kukaanga mkononi nimeukosa. Baada ya Geita, penye mananasi ya kutosha kando ya barabara, tunapita Katoro na Buseresere, na hadi hapo mafundi hawakosekani. Mambo hubadilika Bwanga. Kutoka hapo hadi Biharamulo ni kilomita 67 ambazo nyumba zake huzidi kupungua na miombo kuzidi kusogea barabarani, na baada ya Biharamulo kuna pori jingine kuelekea Kasindaga na Muleba. Vipuri vyote ninavyobeba nimevipima kwa vipande hivyo viwili vya njia.

Ndiyo maana nawashauri watu waache nyumbani baiskeli za giya nyingi na wachukue baiskeli ya chuma ya kawaida, ile ya tairi la inchi 28 inayobeba mkaa na maziwa Kanda ya Ziwa nzima. Ni nzito, na wanaotoka mjini huidharau. Hata hivyo tairi lake, tyubu yake na gololi zake utazipata kwenye gulio lolote, ilhali tairi jembamba la baiskeli ya mashindano likichanika Bwanga, utapanda basi.

Udhaifu wa baiskeli hiyo uko nyuma. Friwili, yaani gia ya meno ya nyuma inayovutwa na mnyororo, huchukua nafasi upande wa kulia wa habu, kitovu cha gurudumu, hivyo spoki za upande huo husimama wima zaidi na kukazwa zaidi kuliko za kushoto ili rimu ikae katikati. Ukiongeza mzigo wa kilo 25 juu ya keria, pamoja na uzito wako mwenyewe, zitakazokatika kwanza ni hizo za kulia, na aghalabu hukatikia kwenye kona iliyo karibu na kichwa chake, pale zinapoingia kwenye habu. Mwaka mmoja, kilomita chache baada ya Biharamulo, nilisikia mlio mkali mfupi, kisha rimu ikaanza kugusa mpira wa breki kila mzunguko. Spoki za akiba nilikuwa nazo, lakini kifaa cha kufungulia friwili nilikuwa nimekisahau, na bila kuitoa friwili huwezi kupitisha spoki mpya upande ule. Nililegeza spoki mbili za kushoto zilizo jirani na ile iliyokatika, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hadi rimu ikaacha kugusa. Mbeba mkaa aliyekuwa akisukuma magunia mawili alisimama, akatazama kazi yangu, akasema, "Fundi, mzigo wako wote umeuweka nyuma ya ekseli." Baiskeli yake ilikuwa na nondo zilizochomelewa kando ya uma wa mbele, na gunia moja lilikuwa ndani ya fremu. Sikuwa na la kujibu. Tangu siku hiyo maji na zana hukaa ndani ya fremu, nguo peke yake ndizo hukaa kwenye keria, na kile kifaa nakifunga kwa kamba chini ya tandiko.

Kwa milima ya Muleba hubadilisha friwili. Baiskeli yenye meno 48 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita 6 kwa kila mzunguko wa padeli; ukiweka friwili ya meno 22 husogea chini kidogo ya mita 5. Utapoteza mwendo kwenye tambarare, lakini utapanda ukiwa umekaa.

Kushuka ndiko kunakonitia hofu zaidi, na hapo hali ya hewa ya ziwa ndiyo inayotawala. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo huvuma kutoka kandokando kuelekea ziwani, hewa hukutana juu ya maji na kupanda, na mawingu ya radi yanayoumbika husukumwa na upepo wa mashariki hadi Kagera. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na nyingi hunyesha kati ya usiku wa manane na asubuhi. Rimu ya chuma ikilowa, breki hushika kwa shida sana. Kwa hiyo upande wa Mwanza naamsha watu saa kumi na moja alfajiri ili tuliwahi jua, lakini kuanzia Muleba nawaacha walale, tunywe chai, tuondoke saa nne barabara ikiwa imeanza kukauka.

Kuhusu mbung'o, jambo ni moja: hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo sababu mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki. Msafiri wangu mmoja alikataa kuvua jezi yake ya buluu, akapita pori la Kasindaga kwa kasi ambayo hakuwahi kuifikia tena.

Kurudi Mwanza tunapanda meli usiku. Baiskeli nazifunga ukutani upande wa kulia ukiegemea, ili friwili isigongwe na mikungu ya ndizi inayopakiwa baada yetu.